Betri ya Shemeji Yako

Duka la Saa la Karandikar,
Nyuma ya Hekalu la Ganapati,
Sangli.

9 Februari 2023

Mpendwa mdogo wangu Shripad,

Kabla ya neno lolote pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba hiyo theluji ya Stuttgart haijamtelezesha mtu. Goti la mkeo Revati limefikia wapi? Na Ojas, bado anakataa kula kitu chochote cha rangi ya kijani? Mwambie shangazi yake anasema atakuja kumlisha kwa mkono wake mwenyewe.

Sisi huku tu wazima, ila uzima wa kuhesabiwa. Macho yananisumbua, skrubu za saa za kike siku hizi naziona mbilimbili, lakini mkono bado hautetemeki. Mkwe wetu Sayali ana mimba ya miezi mitano na hamu yake ni bhadang, zile bisi za mchele zenye pilipili na saumu, asubuhi, mchana na jioni. Mwanangu Amogh akirudi Jumamosi kutoka kazini Pune, anakutana mlangoni na mkewe akiwa na bakuli tupu mkononi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mwezi uliopita uliniandikia kwenye simu: Dada, nimekukosea nini? Nimeandika jibu mara tatu, nikalifuta mara tatu. Kwenye kile kioo kidogo mambo yangu hayaenei. Kwa hiyo leo nimefunga duka mchana kweupe, nimekaa kwenye meza ya marehemu baba, nakuandikia kwa kalamu. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike, kama utataka kukasirika.

Unachojua wewe ni kwamba mwezi wa nane shemeji yako alianguka, akalazwa, akabadilishiwa mashine ya moyo. Ndivyo nilivyokueleza. Sikukudanganya, lakini sikukuambia yote.

Unakumbuka mwaka 2017 walipomwekea ile ya kwanza. Moyo wake una tabia ya kukurupuka na kukimbia ovyo bila mpangilio, basi wakampachika chini ya ngozi, kushoto kifuani, kimashine cha ukubwa wa saa ya mfukoni, ili moyo ukipotea njia kiupige shoti uirudie. Tuliambiwa betri yake itadumu miaka tisa. Nilimuuliza Daktari Salgar, "Tisa ya kwenye karatasi au tisa ya kweli?" Akacheka. Nami nikacheka.

Na siwezi kusema kilikuwa kitu kibovu tangu mwanzo. Mwaka wa pili kilimpiga kweli akiwa anaoga. Alitoka bafuni amelowa chapachapa akisema amepigwa teke na punda asiyemwona. Tulimshukuru Mungu, tukapeleka nazi hekaluni. Tangu siku hiyo shemeji yako alikiamini kuliko anavyoniamini mimi.

Basi mwaka jana, mwezi wa saba, mvua imekaza, tuko kwenye kifungua kinywa. Saa mbili na dakika ishirini asubuhi kitu kikaanza kulia: pii, pii, pii. Sayali akatafuta simu yake. Mimi nikashuka dukani nikazitikisa saa za kengele zote, moja baada ya moja. Jirani yetu Bi Godavari akapiga kelele dirishani, "Indu! Hiyo ni gesi inavuja! Mtatulipua!" Kabla hatujakijua, kikanyamaza.

Kesho yake, dakika ileile, kikalia tena. Sayali alikuwa anamwekea baba mkwe wake chai. Akasimama na birika mkononi, akainama, akaweka sikio kwenye shati lake.

"Baba," akasema, "ni wewe unayelia."

"Mimi? Nimelia lini mimi? Hata siku ya harusi aliyelia ni mama yako."

Tulicheka, Shripad. Ndicho kinachoniuma. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Tukaenda hospitali siku ileile, Alhamisi. Wakasema mashine za moyo husomwa Jumanne, siku ambayo fundi wa kampuni huja kutoka Pune na chombo cha kusomea. Nikawaambia mtu analia kifuani kama saa ya kengele. Karani akaniambia, "Mama, akijisikia vibaya mleteni. Kama anajisikia vizuri, Jumanne." Akalia Ijumaa, akalia Jumamosi, akalia Jumapili, akalia Jumatatu.

Jumanne tukamkuta huyo fundi, Bwana Nerlekar, mtu mpole wa miaka arobaini hivi, amevaa miwani. Akamwekea kile chombo kifuani, akatazama kioo chake, akatabasamu.

"Betri ina miaka minne na miezi minne. Hakuna tatizo."

"Sasa inalilia nini?"

"Labda mlipita karibu na sumaku, mama."

"Kila siku saa mbili na dakika ishirini tunapita karibu na sumaku?"

Akaeleza kwamba ikishaona hitilafu mara moja hulia kila siku saa iliyopangiwa mpaka fundi aifute. Akaifuta. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba: akazima kabisa king'ora cha betri, ili, kwa maneno yake, kisimsumbue mzee.

Wewe umekulia chini ya meza hii ninayoandikia. Unajua betri yenye kidonda ndani ilivyo. Ukiipima ikiwa imepumzika, mshale unasimama vizuri, utasema ni mpya. Ukiitwika mzigo, inazama. Halafu ukiiacha inapanda tena, inakutazama usoni kama haijafanya kitu. Baba alikuwa akiziita betri wanafiki. Kwa hiyo nikamuuliza Bwana Nerlekar sio miaka mingapi imebaki, bali inachukua sekunde ngapi kujijaza kabla ya kupiga shoti. Akanitazama mara ya pili. Akapekua karatasi. Miezi sita nyuma zilikuwa sekunde tisa. Siku ile zilikuwa kumi na sita.

"Bado iko ndani ya kiwango," akasema. Na Daktari Salgar, foleni ya watu arobaini ikimngoja nje, akasema hivyohivyo: iko ndani ya kiwango, rudini baada ya miezi mitatu.

Nilirudi nyumbani damu inachemka. Nikapiga simu ya kampuni, Mumbai. Bonyeza moja, bonyeza nne, subiri, tunathamini simu yako. Siku tatu nilipigwa danadana. Mwisho akapatikana binti mmoja mwenye sauti ya asali akaniambia, "Vifaa vyetu ni salama kabisa, wasilianeni na daktari wenu." Daktari ananipeleka kwa kampuni, kampuni inanirudisha kwa daktari. Nikasema basi, tutaenda hospitali kubwa ya Pune tukasomewe upya na mtu mwingine. Nikakata tikiti mbili za treni za Jumatano.

Hapo ndipo unapoingia wewe.

Sijui kama unaikumbuka simu ile. Mimi naikumbuka neno kwa neno. Ulisema, "Dada, wewe ni fundi saa. Hii si saa ya mkononi. Watu waliosoma miaka ishirini ndio walioitengeneza. Acha kumtia mzee hofu, atakufa kwa hofu kabla ya moyo." Nilinyamaza, maana wewe ndiye mhandisi wa familia, na kwa kweli unatengeneza lifti zinazobeba watu elfu kwa siku. Ukataka kuongea naye. Sikusikia maneno yako, niliyasikia ya kwake: "Ndiyo, shemeji. Kweli kabisa, shemeji. Dada yako akishika bisibisi anataka kuifungua dunia nzima." Mkacheka wote wawili.

Jumatano asubuhi alivaa viatu vya kazi badala ya viatu vya safari. Nikamuuliza treni je? Akasema, "Shripad amenitoa wasiwasi. Leo kuna mnada." Na tikiti alikuwa amezirudisha stesheni tangu jana yake.

Kazi yake unaijua: kunadi manjano sokoni. Miaka thelathini na mitatu sauti ya Murlidhar ilikuwa ikisikika kutoka ghala la kwanza mpaka la mwisho, wakulima wanasema magunia yenyewe yalikuwa yanamtii. Tarehe ishirini na tatu mwezi wa nane, kama saa tano asubuhi, alikuwa katikati ya kunadi gunia la mkulima mmoja wa kutoka Tasgaon. Bei imepanda, mkono ameunyoosha juu. Sauti ikakatika katikati ya neno. Akaangukia magunia, akateleza mpaka sakafuni.

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo sehemu ambayo sijaweza kumwambia mtu kwa mdomo.

Pale palikuwa na watu zaidi ya hamsini. Wachuuzi, wapagazi, makarani. Wote walimpenda. Na hakuna aliyemgusa. Kwa sababu yeye mwenyewe, tangu siku ile ya bafuni, alikuwa amewafundisha: "Siku nikianguka msiniguse! Nina punda kifuani, atanipiga teke niamke, na atakayenishika atapigwa pamoja nami." Alikuwa akilisema kama mzaha wakati wa chai, lakini wao walilishika kama amri. Wakamzunguka, wakasimama. Wakaingoja mashine. Mmoja akawa anahesabu kwa sauti. Uso wa Murlidhar ukawa wa kijivu, midomo ikawa ya rangi ya zambarau, nao wanangoja. Dakika mbili, wengine wanasema tatu. Mashine haikupiga. Haikuwa na kitu cha kupigia.

Aliyemwokoa ni mama mmoja anayechambua manjano kule nyuma, Hausabai, mikono yake ya njano mpaka kwenye viwiko. Zamani alifanya kazi kiwanda cha sukari na huko waliwahi kufundishwa kumfufua mtu aliyeanguka. Alisikia kimya, akaja, akapenya katikati ya wanaume.

"Mnangoja nini? Mnangoja awe maiti?"

"Usimguse, mama! Ana mashine, itakupiga!"

"Basi inipige!"

Akapiga magoti, akaanza kumkandamiza kifua. Aliendelea dakika kumi na moja, jasho linamdondokea, hataki kumpokeza mtu kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua. Mbavu mbili zilivunjika. Gari la wagonjwa likaja na mashine yao ya nje, wakampiga shoti mara mbili, moyo ukarudi. Shati lake ninalo bado. Lina alama za viganja vya njano kifuani. Nimelifua mara nne, manjano hayatoki, na sasa nimeacha kujaribu.

Siku sita alikuwa na bomba kooni. Siku ya pili Bwana Nerlekar alikuja kutoka Pune ingawa haikuwa Jumanne. Alisoma kimashine mbele yangu. Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Haikuwa na nguvu ya kujijaza hata mara moja. Miaka minne na miezi minne ilikuwa imeyeyuka kwa mwezi mmoja, na king'ora kilichopaswa kutuambia kilikuwa kimezimwa. Alivua miwani. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi ndiye niliyekizima."

Nilitaka kumpiga kofi, Shripad, nakwambia ukweli. Nikamwambia, "Hayo uliyosema, yaandike." Akaketi kwenye benchi ya korido akayaandika, tarehe na saa na sahihi. Mpaka leo katika watu wote niliokutana nao, ni yeye peke yake aliyeandika neno "mimi". Baadaye kampuni ilimwondoa kanda hii. Sijui walimpeleka wapi.

Lakini si hilo lililonimaliza. Lililonimaliza ni hili. Wakati wanaandaa kumwekea mashine mpya, nilikwenda kwa karani kutafuta namba ya ile ya zamani, maana mimi kila kitu kinachotengenezwa nakitafuta kwa namba. Yule karani, mtu mwema tu, akafungua faili akasema, "Ah, hii ni ya lile kundi." Kundi gani? Akajua amekosea kusema. Nikageuza faili mwenyewe. Ndani mlikuwa na barua ya kampuni, ya miezi kumi na minne kabla ya siku ile. Inasema betri za mashine zilizotengenezwa kati ya mwezi fulani na mwezi fulani zinaweza kuota ndani vijinywele vya madini, vikagusana, zikaisha ghafla bila kutoa muda wa kutosha. Namba za mashine zimeorodheshwa. Ya mume wangu ilikuwa ukurasa wa pili.

Niliingia kwa Daktari Salgar bila kubisha hodi. Nikaweka barua mezani.

"Uliisoma hii?"

"Niliisoma."

"Lini?"

"Ilipokuja."

Hakujitetea kwa uongo, nampa haki yake. Alieleza kwamba kampuni ilikadiria hatari kuwa ndogo, betri tatu katika elfu. Kwamba kumfungua mtu kifua upya nako kuna hatari, vijidudu vinaingia. Kwamba mwaka 2014, kwa tahadhari kama hiyo, alimbadilishia mwanamke mmoja mashine iliyokuwa nzima, kidonda kikaoza, akafa. "Tangu hapo," akasema, "sipendi kuwagusa watu waliotulia."

"Si kugusa, Daktari. Kuambia. Mngetuambia tu."

"Mngelala usingizi?"

"Tungekosa usingizi tukiwa wawili hai!"

Niliondoka. Na bado, Shripad, namwelewa kidogo, na hilo linaniudhi zaidi. Ningependa awe mtu mbaya. Mtu mbaya unamchukia unamaliza.

Siku ya upasuaji kampuni ilituma mtu kuchukua mashine ya zamani, "kwa uchunguzi". Alitaka kuitia mfukoni kama peremende. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia hiyo imetoka kifuani mwa mume wangu, haitoki hapa bila kupigwa picha namba yake na bila stakabadhi. Alilalamika nusu saa. Nilikuwa nimeleta kigoda changu cha dukani, nikakaa nacho hapohapo mlangoni. Mwisho akaandika.

Majibu ya uchunguzi yamekuja mwezi uliopita, kurasa mbili. Nakunukulia sehemu moja tu usije ukafikiri natia chumvi: "Betri iliisha mapema kuliko ilivyotarajiwa. Hata hivyo, kifaa kilitimiza wajibu wake kwa kutoa tahadhari ya sauti." Kilitimiza wajibu wake! Mtu amelala chini, midomo zambarau, kifaa kimetimiza wajibu wake kwa sababu kililia mwezi mmoja kabla wakakinyamazisha wao wenyewe. Nimesoma sentensi hiyo mpaka nimeihifadhi kama sala. Nimewajibu. Sijajibiwa. Nimepeleka malalamiko Delhi kwenye ofisi inayosimamia dawa na vifaa. Wamenipa namba ya faili. Namba ninazo nyingi sasa.

Nisikufiche hali ya shemeji yako. Mashine mpya inafanya kazi, nimesoma sekunde zake mwenyewe, ni nane. Lakini zile dakika za kungoja zimechukua kitu. Sauti ni ya kukwaruza. Maneno yanamjia polepole, mengine hayaji. Anakiita kijiko "kile cha chai", na jina la Amogh lilimpotea kwa wiki nzima. Hanadi tena. Kazi hiyo wamempa kijana wa kutoka Miraj, anapiga kelele tu, hana mwimbo. Mnada ukianza upepo unaleta sauti mpaka barazani kwetu, naye huingia ndani akafunga dirisha.

Ndipo mwezi wa kumi nilipoanza kwenda kliniki kila Jumanne na daftari. Nakaa koridoni, namsalimu kila mwenye mashine, namwomba kadi yake nitazame namba. Wengine wananiona kichaa. Nimeandika watu kumi na saba. Sita wako kwenye lile kundi, na katika hao sita hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa.

Mmoja ni mwalimu wa Miraj, Farzana Mujawar, miaka thelathini na minne, ana watoto wawili. Nilipomwonyesha namba yake aliniambia kwa hasira, "Mama, ulikuwa na haki gani? Jana nililala. Leo nitalalaje?" Nilirudi nyumbani nikijiuliza kama Salgar alikuwa sahihi. Baada ya siku nne Farzana akanipigia simu. Akasema ameshauriana na mumewe, anataka ibadilishwe, lakini anaogopa kwenda kumwambia daktari peke yake. Tukaenda pamoja. Salgar alitutazama wote wawili, akavuta pumzi, akaandika. Kidonda kilimvimba wiki mbili tukahangaika, ndipo kikapona. Hali ya betri iliyotolewa hajaambiwa hadi leo.

Mwingine, mkulima wa zabibu, Bapusaheb, alinisikiliza vizuri, akanishukuru, akasema ataangalia baada ya mavuno. Nimemsihi, amekataa. Nimekasirika, lakini kifua ni chake, na sasa angalau anakataa akijua.

Sasa kuna jambo la Jumanne iliyopita. Shemeji yako, ambaye hakuwahi kutaka ugomvi na mtu, asubuhi alivaa kofia yake nyeupe akasema, "Nakuja." Tukakaa koridoni wote wawili. Siku hizi kampuni inamtuma bibi mmoja aliyevaa nadhifu. Akatuona na daftari, akaja.

"Mzee, hapa ni kwa wagonjwa wenye miadi tu. Nyinyi mna miadi?"

Murlidhar akasimama. Nilitaka kumsemea, akaninyooshea kiganja. Korido nzima ikamngoja. Nilimwona akiyatafuta maneno, moja moja.

"Mimi," akasema, "ni... bidhaa yenu." Akapumua. "Nimerudishwa."

Watu walicheka, Shripad, walicheka mpaka muuguzi akatoka nje kuona kuna nini. Yule bibi naye alicheka, halafu akaacha kucheka, akatazama chini, akaenda zake bila kutufukuza. Wazee wawili wakatoa kadi zao wakamletea Murlidhar, si mimi.

Basi, ndugu yangu, umeniuliza umenikosea nini. Hukuitengeneza betri ile. Hukukizima king'ora. Labda Pune nako wangetuambia iko ndani ya kiwango. Hayo yote nimejiambia. Lakini mlicheka juu yangu, nikiwa nimeshika ukweli mkononi, na mimi nikajiona mjinga nikanyamaza. Nilikuwa na wiki nne za kupiga kelele sikuzipiga. Sehemu ya hasira yangu kwako ni hasira yangu kwangu mwenyewe, nimekuwekea wewe kwa sababu uko mbali.

Usiniombe radhi kwa ujumbe. Fanya hivi: mpigie yeye. Si jioni, anachoka. Piga saa nne asubuhi ya kwetu, najua kwenu bado giza, amka. Hajui kwamba nakuandikia, na hakulaumu. Kila siku anauliza kama umepiga. Na atakapoanza sentensi, Shripad, usimmalizie. Kila mtu anammalizia. Mimi namalizia, Sayali anamalizia, hata Bi Godavari dirishani anamalizia. Wewe subiri. Hata akikawia mpaka udhani simu imekatika, subiri tu.

Nisalimie Revati, mwambie dawa ya goti niliyomwahidi nitaipeleka posta wiki ijayo. Mbusu Ojas. Amogh na Sayali wanakusalimu. Na Bi Godavari anasema ukija umletee chokoleti isiyo ngumu, meno yamebaki manne. Hausabai huja kwetu kila sikukuu na tumemfanya dada. Nimemwambia nina mdogo wangu ng'ambo, naye akasema msalimie.

Ganapati awaondolee vikwazo njiani, awape afya ya kweli, si ya kwenye karatasi.

Ni mimi dada yako, niliyekukasirikia miezi sita bila kuacha kukupenda siku moja,

Indumati